Ubao Wenye Sifa

Mto ukifurika kule kwetu Golbanti, asubuhi hukosa sakafu. Unaamka, unafungua mlango, na mbele yako mbingu imelala juu ya mashamba. Mawingu yanapita polepole katikati ya mahindi. Ndege wa majini, kongoti na yangeyange, husimama juu ya vivuli vyao wenyewe. Mtu akikohoa ng'ambo ya maji, unamsikia kana kwamba yumo chumba cha pili. Nimeona nchi nyingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, lakini sijaona pengine ambapo maji huja kukaa na watu kwa utulivu namna ile.

Katika maji hayo ndimo nilimorudi, miaka ya hamsini, nikiwa na sanduku la bati, suti ya kijivu na diploma ya useremala. Diploma hiyo sikupewa na mjomba wala misheni. Niliondoka nyumbani nikaosha masufuria melini, nikashuka katika bandari moja ya kusini kabisa mwa Afrika, nikafagia vumbi la mbao katika karakana ya watu, na wenzangu walipokuwa wakicheza karata mimi nilikuwa nikisoma kwa njia ya posta. Nilifaulu vizuri kuliko msimamizi wangu. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nisipolisema mimi hakuna wa kulisema.

Karakana ile ilitengeneza mbao za kupandia mawimbi. Wazungu wa mji ule walizilalia kifudifudi, wakapiga maji kwa mikono, na wimbi likiwafikia walisimama juu yake na kuteleza hadi mchangani. Ufuo wenyewe haukuwa wa watu wa rangi yangu. Mimi nilizichonga, nikazilainisha, nikazitia pezi, nikazibeba hadi ukingo wa barabara, na pale mikono mingine ikazipokea. Nilizijua mbao zile kuliko waliozipanda. Nilichokuwa sikijui ni kimoja tu, jinsi zinavyokuwa chini ya nyayo. Niliota jambo hilo miaka mingi. Katika ndoto daima nilikuwa nimesimama, na wimbi halikuwa na sauti.

Kwa hiyo niliporudi nilitaka ubao wangu. Lakini kwetu kitu cha mchezo tu hakidumu. Mtu atakigeuza mlango au atakipasua kuni. Nilitaka ubao wa kazi zote: wa kuvukia mafuriko, wa kubebea mzigo, na siku moja wa kushuka nao hadi Kipini, mto unapoingia baharini, nikasimame.

Kuchagua ubao ni kuchagua mti kwanza. Mvule ni mgumu na hauozi haraka, lakini ni mzito. Ukikupiga ubavuni ndani ya wimbi utaukumbuka. Msufi ni mwepesi kama mkate, ila hunywa maji, na baada ya msimu mmoja unabeba ubao pamoja na mto wote uliomo ndani yake. Nilitaka mti wa katikati, uliokauka kivulini kwa miaka, usio na ufa. Tena nilitaka uwe umepinda kidogo puani na nyuma, kwa maana ubao ulionyooka kama meza huchoma pua yake majini na kumrusha mtu. Mti uliopinda hivyo kwa asili haupatikani dukani.

Ulikuwa chini ya uchaga wa mama.

Ulikuwa mtumbwi wa baba. Baba alifariki nikiwa baharini, na kilichobaki cha mkono wake ni mtumbwi ule wa mwembe alioutoboa mwenyewe. Kiboko alikuwa ameuvunja kuta zote mbili. Kitako chake tu ndicho kilichosalimika, kirefu kuliko mimi, kikavu, chenye mkunjo ule hasa. Nilipokipiga kwa kidole kiliitika.

Nilimwambia mama ninachokitaka. Alikuwa akipepeta mpunga, na hakuacha.

"Unataka kuusimamia," alisema.

"Ndiyo, mama. Juu ya maji."

"Baba yako aliukalia maisha yake yote. Wewe unataka kuukanyaga."

"Nitakuvusha nao pia. Shamba lako la ng'ambo, unalingojea mpaka mwenye mtumbwi apate nafasi. Hutamngojea mtu tena."

Aliutupa mpunga juu, akaudaka. "Mimi na mpunga wangu?"

"Wewe na mpunga wako."

"Ukizama je?"

"Hauzami. Nina diploma."

"Diploma inaelea?"

Hatimaye akaweka ungo chini, akanitazama kwa namna ambayo hata leo naiona. "Chukua, baba. Lakini ukiuharibu hakuna mwingine. Aliyeuchonga hachongi tena."

Niliacha mti ule upumzike, nikaandaa vyombo: tezo ya baba, randa yangu ya kusini, tupa, msasa. Kilichokosekana ni sifa. Watu wa pwani wanajua ninachosema. Sifa ni mafuta yanayotokana na maini ya papa. Mafundi wa Kipini huyapaka vyombo vyao ili maji yasiingie na funza wa baharini wasitoboe. Bila sifa, mti wa mwembe haufai hata kuonyeshwa bahari. Huku juu hatukuyajua mafuta hayo, kwa maana mitumbwi yetu hukaa mtoni hivyo hivyo mpaka ichakae. Mimi niliyajua kwa kuwa nimekaa na mabaharia. Nikaenda Garsen, nikamwambia dereva wa lori la Lamu, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kivuko, aniletee kutoka Kipini sifa debe moja, nzuri, isiyochanganywa.

Kosa halikuwa langu. Lilikuwa la neno.

Jumapili nilivaa suti nikaketi mbele kanisani. Ulipofika wakati wa maombi mama alisimama. Alimwombea jirani mwenye homa, akaombea mahindi, kisha akasema, kwa sauti ile ile ya upole, "Na mwanangu, Bwana, aliyerudi na elimu. Ametuma watu Kipini wamnunulie sifa. Debe zima. Mrehemu, kwa kuwa sifa ni zako peke yako."

Kanisa lote liliitika amina. Amina ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia pale.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ameketi juu ya kitako cha mtumbwi, miguu imenyooka, kama abiria anayesubiri kuvushwa.

"Mama, ni mafuta. Ni mafuta ya papa."

"Yanaitwaje?"

"Sifa."

"Nani atayapa mafuta jina la Mungu?"

"Watu wa Kipini."

"Uongo huo peleka kwa waliokupa diploma. Mti wa baba yako haupakwi sifa za kununua. Nenda kasimame juu ya kitu kingine."

Nilimweleza kwa lugha yetu, nikamweleza kwa Kiswahili, nikamchorea papa kwenye mchanga. Alisema papa yule anafanana na pweza. Hakushuka. Nilijua kabisa kwamba asiposhuka kwa hiari yake sitautia tezo mti ule, na ndoto yangu itabaki bila sauti mpaka nizeeke. Nikarudi Garsen kungojea lori.

Duka ambalo dereva aliacha mizigo lilikuwa la Msomali mmoja mrefu, muuza sukari, nguo na ngozi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kifupi na kilifika haraka. Aliponiona alitoka nje kabisa.

"Warya, fundi. Sifa yako imefika."

"Alhamdulillahi," nilimjibu.

"Hapana alhamdulillahi. Sifa yako inanuka. Mimi nasikia watu wa Golbanti wanasema wewe unapenda sifa. Mimi nasema, kila mtu anapenda kidogo. Lakini hii, walaal, ndugu yangu, hii mtu anapendaje?"

Alikuwa ameliweka debe nje kwenye jua, mbali na sukari, na mbuzi wa wateja wake walikuwa wamesimama upande wa pili wa barabara, wote wametazama kwingine. Tulicheka mpaka akashika nguzo ya duka. Nililibeba debe kichwani, na kila niliyepishana naye alinipisha mapema.

Mama alikuwa pale pale, au amerudi pale pale. Nililiweka debe mbele ya miguu yake nikafungua kifuniko. Harufu ilipanda. Wenye kuijua sifa ya papa hawahitaji kuelezwa, na asiyeijua hataamini. Mama alivuta ncha ya leso yake akajiziba pua, akainama akatazama mafuta yale mazito ya rangi ya asali, akaniangalia mimi, akayaangalia tena.

"Hizi ndizo sifa?"

"Ndizo, mama."

Mabega yakaanza kumtikisika. "Basi hizi," alisema, "Mungu hatazigombania na wewe." Kisha akainuka kutoka kwenye mti, akaupangusa mahali alipokuwa amekaa, akanisogezea tezo ya baba kwa mguu.

Nilichonga siku nyingi, taratibu, na mafuriko yakipumua pale uani. Tezo ya baba ilijua njia. Mahali pengi nilikuta alama zake za zamani na nikafuata mkondo wa mkono wake. Nilipunguza unene mpaka mtu mmoja aweze kuubeba. Upana wa kifua niliuacha katikati, kwa sababu ndio unaobeba mzigo. Kingo nilizizungusha mbele, maji yapite bila kushika, na nyuma nikaziacha kali kidogo, ubao uweze kuuma wimbi. Puani nikaupigilia kipande cha mkoko cha kupokea kishindo cha mafungu ya mchanga. Pezi lilinifikirisha sana, kwa maana baharini bila pezi ubao huzunguka ovyo, na mtoni pezi hunasa majani. Nikatoboa mfereji chini yake, nikachonga pezi la mvule linaloingia humo na kushikwa kwa kigingi. Mtoni unalitoa, baharini unalitia. Karakana ya kusini haikuwa na ubao kama huo. Huo niliubuni mimi.

Sifa aliipaka mama. Alisema mikono yangu ina haraka. Alifunga leso puani, akapaka tabaka baada ya tabaka akiimba wimbo wa kanisani, na alipofika kwenye neno lile kila mara alicheka ndani ya leso.

Asubuhi ya kuvuka, maji yalikuwa kioo. Alikaa mbele, miguu imenyooka. Mimi nilisimama nyuma, nikisukuma kwa pondo refu. Tulipita juu ya shamba la mahindi la jirani, juu ya njia tuliyozoea kuipita kwa miguu, na mama alitia vidole majini kama anayepapasa kitambaa cha kuuza. Tulirudi na mpunga, na ubao haukutota.

Aliposhuka alisema, "Sasa upeleke huko kwako."

Kipini nilifika na maji ya mto. Nilipotaka kutia pezi, liligoma. Punje za mpunga wa mama zilikuwa zimejaa mferejini na kuvimba. Nikazichokoa kwa kisu, moja moja, nikiwa nimepiga magoti mchangani, na hakuna aliyekuja kunipokea ubao huo mkononi. Nikaingia nao mwenyewe. Wimbi la kwanza lilinitupa, na la pili pia. Kisha likaja moja la rangi ya mto, pana, lisilo na haraka, na nikasimama. Lilikuwa na sauti. Lilikuwa linapiga mti wa baba kwa chini, tap, tap, tap, kama tezo.

Niliporudi nilimsimulia mama kwa kirefu, na labda niliongeza urefu wa wimbi. Alisikiliza huku akipepeta. Siku zilizofuata, mgeni akiuliza kile kitu kilichoegemezwa ukutani, nilikuwa nikifungua mdomo na yeye hunitangulia.

"Ni ubao wa mwanangu," husema. "Una sifa. Sogea unuse."