Nani Asimame Nyuma ya Karavani

Siku tuliyomzika Baba, mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema Mervyn alikuwa mtu mkarimu, mchapakazi, mwenye kumcha Mungu. Yote kweli. Mama, jina lake Una, alikuwa amekaa kulia kwangu, anaitikia kwa kichwa. Mchungaji alipofika mahali pa kusema kwamba marehemu hakuwa na neno na mtu yeyote, Mama akaninong'oneza, "Mbona wivu hautaji?" Nikaziba mdomo kwa leso, nikalia na kucheka kwa pamoja. Watu wa nyuma walidhani nimezidiwa.

Basi nitautaja mimi, binti yake, kwa kuwa nilimpenda na sasa sina wa kumpelekea chai barazani. Baba alikuwa na wivu. Si ule wa kupiga au kumfungia mtu ndani, Bwana alimwepusha na hayo. Wake ulikuwa wa kununa. Muuza nyama wa Horsham, mji wao, akimkatia Mama chopsi nene kidogo, Baba anazisusa. "Mwambie akuoe kabisa," husema, huku anasukuma sahani. Mwalimu wa kwaya akimsifu Mama kwa sauti yake, Jumapili hiyo Baba anaimba kwa nguvu mpaka kinanda hakisikiki. Alifanya kazi kwenye maghala ya ngano tangu ujana hadi kustaafu, na vumbi la ngano ndilo lililomla mapafu. Hata hospitalini, pumzi ikiwa imebaki ya kuazima, alinivuta mkono akaniuliza yule muuguzi wa kiume anazungumza nini na mama yako kule koridoni.

Lakini aliyemkosesha usingizi kuliko wote ni ndugu yake wa tumbo moja, baba mdogo Lindsay. Lindsay alijaliwa mabega mapana na maneno matamu, na ndiye aliyemleta Mama kwenye dansi ya vijana katika ukumbi wa kanisa, wakati huo hakuna aliyeoa wala kuolewa. Mama alifika amepanda nyuma ya pikipiki ya Lindsay, akaondoka kwa miguu na Baba. Mwanamume mwingine angejiona mshindi. Baba alijiona kama mtu aliyeokota kitu njiani, na mwenyewe anaweza kutokea wakati wowote kukidai.

Walipostaafu walinunua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, ina kitanda, jiko na kabati la vikombe. Kila baridi ilipoanza kuuma kwao kusini, walifunga nyumba wakaelekea kaskazini kwenye jua la Queensland, kama wafanyavyo wastaafu wengi wa kwetu. Hawakwenda moja kwa moja. Walipita kwa ndugu: kwa binamu ya Mama huko Hay, kwa shangazi Elva huko Parkes, halafu kwetu, shambani nje ya Narrabri. Kila walipofika waliegesha uani kwa mwenyeji, wakapitisha waya wa umeme kwenye dirisha la chumba cha kufulia, na usiku wakalala kitandani kwao wenyewe. "Sisi ni wageni tusiochafua shuka," Baba alipenda kusema.

Mwaka aliofariki Glenys, mke wa baba mdogo, Mama alisema, "Lindsay hawezi kukaa na baridi hii peke yake. Na yeye ana karavani. Atufuate."

Baba alikubali, ila akaweka mpaka. Lindsay atafuata hadi kwa Janine, yaani kwangu. Kutoka hapo, itajulikana.

Nilivyomjua Baba, nilijua kabisa itakavyojulikana.

Mama alinipigia simu kutoka Parkes. "Baba yako hali skonzi za shangazi yako."

"Anaumwa?"

"Elva amempa Lindsay kivuli. Sisi ametuweka karibu na banda la kuku."

"Sasa Baba amemkasirikia shangazi?"

"Amenikasirikia mimi. Eti Lindsay alisema jambo, nikacheka."

"Alisema nini?"

"Sikumbuki hata. Baba yako ndiye anayekumbuka. Muulize, atakuambia neno kwa neno."

Walifika kwetu mchana, magari mawili na karavani mbili, vumbi mpaka kwenye taa. Uani kwangu hakuingiliki kwa mbele. Lazima upige rivasi, upite katikati ya tangi la maji na mlingoti wa kuanikia nguo, ule wa chuma unaozunguka. Kwa watu wa karavani kazi ya rivasi imegawanywa toka zamani: mume anashika usukani, mke anasimama nyuma, mahali anapoonekana kwenye kioo cha pembeni, anamwelekeza kwa mikono. Ndoa nyingi zilizovumilia ukame na mafuriko zimepata nyufa hapo.

Baba alianza.

"Kushoto!" Mama alisema.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto ni kushoto, Merv!"

"Una, ukisimama hapo sikuoni!"

"Kama unanisikia inatosha!"

"Nakusikia! Hata watu wa mji wa Moree wanakusikia!"

Alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Majani ya uani yakageuka tope. Mume wangu, Col, alimchukua mbwa akaingia naye ndani. Mwisho karavani ilikaa upande upande, kama mtu aliyelewa aliyeegemea ukuta, na Baba akasema hapo panatosha, hakuja kwenye maonyesho.

Ikawa zamu ya Lindsay. Mama akarudi nyuma ya ile karavani ya pili, na hakusema neno. Aliinua kiganja kimoja, akakigeuza kidogo kama anayemwita mtoto mwenye haya. Karavani ikaja polepole. Akasogeza vidole, nayo ikafuata vidole. Akafumba ngumi, ikasimama. Ilikuwa imenyooka sambamba na tangi, kama imepimwa kwa rula.

Lindsay akateremka, uso mwekundu. "Shemeji," akasema, "umenilaza kama mtoto mchanga."

Baba alikuwa amesimama na waya wa umeme mkononi. Nilimwona akiuzungusha mkononi, akiufungua, akiuzungusha tena.

"Mbona ninyi hamkupigiana kelele?" akauliza.

"Tupigiane kelele za nini?" Lindsay akasema.

"Mimi mke wangu ananipigia."

"Kwa sababu husikii," Mama akasema.

"Mimi nasikia sana. Nasikia hata yasiyosemwa." Akaenda zake kwenye dirisha la chumba cha kufulia, akachomeka waya wake. Wa Lindsay akauacha chini.

Jioni Col aliwasha jiko la nje akachoma soseji na chopsi za kondoo, mimi nikatengeneza saladi ya viazi. Tulipokaa, nilimwomba Baba aombee chakula, maana ndiye mkubwa. Alivua kofia. Alimshukuru Mungu kwa chakula, kwa mvua iliyopita, kwa mikono iliyopika. Kisha akaongeza: "Na uwalinde ndugu wote tuliokaa mezani hapa, hasa wale ambao kesho wanageuza kurudi kwao."

Mama alifumbua macho katikati ya sala. Nami nilikuwa nimefumbua, ndiyo maana nilimwona. Lindsay peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa mpaka mwisho, na amina yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote. Halafu akala soseji moja, akasema amechoka na safari, akaenda kwenye karavani yake.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Mama alimgeukia Baba. "Umemfukuza ndugu yako mbele za Mungu."

"Sikumtaja jina."

"Mungu anamjua Lindsay."

"Vizuri. Basi Mungu na amwelekeze rivasi."

"Merv, ndugu yako amezika mke."

"Najua amezika mke. Ndiyo maana sasa anatazama wa kwangu."

Sahani ilibaki hewani mkononi mwa Mama. Nilidhani ataitupa. Aliiweka chini taratibu. "Sikiliza, mzee. Ukimrudisha Lindsay kesho, mimi sipandi gari. Nabaki hapa kwa Janine mpaka baridi iishe. Utakwenda Queensland mwenyewe, na utajisimamia nyuma mwenyewe."

"Unaona, Janine? Umesikia? Anabaki kwa ajili yake!"

"Nabaki kwa Janine, na Lindsay atakuwa kwake Horsham! Tumia akili, Merv, Mungu hakukupa ya pambo."

Baba alinitazama ili nimtetee. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. Nilimwonea huruma, lakini pia nilimwonea aibu. Mtu ameishi na mkewe miaka yote ile, wamelea watoto, wamefuta madeni, na bado anamlinda kama koti alilovua kanisani.

Asubuhi kulikuwa na sakitu, umande umeganda, majani yote meupe. Nilitoka na beseni la shuka. Mama alikuwa jikoni, hajagusa mizigo yake. Nikiwa pale kwenye mlingoti wa nguo nilimwona Baba amevaa kofia ya sufu, anakwenda moja kwa moja kwenye gari la Lindsay. Lindsay alikuwa amekaa kwenye usukani, injini haijawashwa. Mimi nilikuwa nyuma ya shuka. Ningeweza kuondoka. Sikuondoka.

"Kaka, sala ya jana nimeielewa," Lindsay akaanza. "Nitarudi. Usihangaike kutafuta maneno."

"Sihangaiki."

"Ila nina ombi. Usinicheke."

"Sema kwanza, kucheka nitaamua mwenyewe."

"Nikifika nyumbani, uje ukimaliza safari yako uniingizie karavani uani. Itakuwa barabarani mpaka hapo."

"Una mikono. Una miguu. Uingize mwenyewe."

"Siwezi, Merv. Kwenda mbele naweza, hata mpaka Darwin. Kurudi nyuma siwezi. Tangu tumzike Glenys sijapiga rivasi. Naangalia kioo, hakuna mtu, mguu unakataa kukanyaga. Kituo cha mafuta kama hakina njia ya kutokea mbele, nakipita. Huko Hay nilikaribia kuishiwa mafuta kwa sababu hiyo. Kwa binamu na kwa Elva niliingia mbele mbele, ndiyo maana nilikaa palepale nilipoishia, hawakunipendelea kivuli. Jana ndiyo mara ya kwanza kuona mtu kwenye kile kioo. Sikumwona Una, nakuapia. Niliona mikono tu."

Nilikuwa nimeshika vibanio vya nguo, vidole vimekufa ganzi. Niliomba palepale. Bwana, mfungue kinywa, aseme neno moja jema, moja tu, sikuombi zaidi.

Baba alitoa mkono mfukoni, akafuta sakitu kwenye kioo cha gari la Lindsay kwa mkono wa sweta. Alikifuta muda mrefu.

"Una hasimami tena nyuma yako," akasema.

"Nimekuelewa, kaka."

"Hujanielewa. Nitasimama mimi."

Lindsay alimtazama.

"Unanitazama nini? Washa gari. Toka nje mpaka barabarani, halafu urudi. Hatuwezi kwenda mpaka Queensland hujui kurudi nyuma."

Mungu alinijibu, ingawa kwa namna ya Baba. Lindsay alitoka, akageuza, akaanza kurudi. Baba alisimama nyuma ya karavani kwa mara ya kwanza maishani mwake, maana siku zote yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alipunga mikono yote miwili kama mtu aliyevamiwa na nyuki. "Njoo! Njoo! Kushoto! Hapana, ile nyingine! Njoo, bado, njoo—"

Niliruka pembeni na beseni. Karavani iligonga mlingoti wa nguo, chuma kikapinda, na shuka zangu zote zikalala kwenye tope walilolichimba jana.

Mama alitokea mlangoni. Kisha kichwa cha Lindsay kikatoka dirishani.

"Kaka," akasema, "kushoto kwangu au kwako?"

Nilimtazama Baba, nikasubiri anune. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua anacheka, na Lindsay naye akacheka mpaka akaegemea usukani, na kicheko chake kikageuka, kikawa kile kilio ambacho hatukukiona kwenye mazishi ya Glenys. Baba alikwenda akasimama pale dirishani, mkono juu ya paa la gari. Mama alirudi ndani, akaanza kupanga mizigo.

Waliondoka baada ya chai, wote watatu. Col alinyoosha ule mlingoti kadiri alivyoweza. Mpaka leo unazunguka ukilia.

Mwezi mzima Mama alikuwa akinipigia simu kutoka njiani kunipa habari za karavani ya Lindsay. Huko Emerald Baba alimrudisha nyuma mpaka akagonga mti. Huko Bowen walivunja bomba la maji, mwenye kambi ya karavani akaja amelowa mpaka kiunoni. Lindsay hakulalamika hata mara moja. Kila alipofika mahali alisimamisha gari, akasubiri Baba aende nyuma, aonekane kwenye kioo, ndipo akakanyaga.

Mara ya mwisho Mama aliponipigia msimu ule nilisikia nyuma yake wanaume wawili wanafokeana kama wanauziana ng'ombe mgonjwa.

"Wanaegesha?" nikamuuliza.

"Wanaegesha. Watu wa kambi wamevuta viti vyao waje watazame. Mimi nimekaa na chai yangu."

"Angalau Baba sasa hana wivu."

"Nani, baba yako?" Mama akasema. "Amenihamisha kiti sasa hivi. Anasema pale nilipokaa naonekana kwenye kioo cha Lindsay."