Kionjo cha Jumamosi

Mtengeneza soseji aliitwa Ulimi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa. Kila Jumamosi alisaga nyama ya nguruwe, akaitia chumvi na pilipili manga, akachota kidogo kwa kidole na kuilamba mbichi, macho kayafumba. Wateja walingoja kimya. Akisema "Tayari," kila mmoja alipewa kionjo chake juu ya kipande cha mkate, kibichi vilevile. Mkaguzi wa nyama akichelewa, hakungojwa. "Ulimi wangu umeshakagua," alisema, na watu wakacheka. Laiti wangejua!

Mtu mmoja tu hakuwahi kuonja: mama mkwe wake. Miaka kumi na mmoja alikitazama kile kidole, kisha akasema, "Ahsante baba, nimeshiba," hata kama ni asubuhi na hajanywa chai.

Basi, wiki mbili baada ya Jumamosi moja, nusu ya kijiji ikaamka imevimba macho. Fundi cherehani alishindwa kukanyaga pedali kwa maumivu ya misuli. Mwalimu wa kwaya aliongoza nyimbo akiwa ameketi, kwa mkono mmoja tu. Ulimi mwenyewe alivaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba, akasema ni vumbi. Vumbi gani, na mvua ilikuwa siku ya nne haijakatika!

Aliyezidiwa ni mkewe. Alilala na homa, hawezi hata kuinua kikombe, na dawa za malaria alizopewa zahanati hazikumsaidia kitu. Ndipo muuguzi alipokuja nyumbani na daftari lake.

"Wagonjwa wote wamekula soseji," alisema, "lakini wote wanaapa wamezipika mpaka zikaungua. Kuna jambo sijaambiwa. Nisipolijua, huyu mama nitamtibu nini?"

Ulimi akakohoa. Akisema, duka limekwisha. Akamtazama mkewe, akaogopa, na bado akasema, "Labda ni maji ya kisima."

Mama mkwe alikuwa akimlisha binti yake uji kwa kijiko. Akaweka bakuli chini.

"Maji ya kisima hata mimi nakunywa, baba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sasa wewe unaficha yako, na ya mwanangu pia."

Aibu ikamuuma Ulimi kuliko misuli yote. Akavua miwani, macho yalikuwa yamevimba, yamebaki mistari miwili tu.

"Tunaonja mbichi," akasema. "Sote. Na nguruwe yule hakukaguliwa."

"Basi ni minyoo ya nyama," akasema muuguzi, tayari ameshasimama. "Dawa yake ipo. Ungesema juzi!"

Mkewe alipona polepole, na kijiji pia. Duka lilifungwa miezi mitatu. Lilipofunguliwa, mhuri wa mkaguzi ulionekana kwenye nyama, na kando ya mashine ya kusagia palikuwa na kikaango. Ulimi sasa alionja kilichoiva tu. Lakini ulimi uliozoea mbichi ulipotea njia kabisa, akatia chumvi maradufu. Wateja wakasongamana mlangoni, kila mmoja kwa woga akimsukuma mwenzake atangulie kuonja.

Mama mkwe akapita katikati yao. Akachukua kionjo, akatafuna taratibu, duka zima likimkodolea macho.

"Chumvi imezidi, baba," akasema. "Niongezee kipande."