Kimti cha Dirisha la Jikoni

Juzi, mjini Nakuru, nilipita karibu na seremala aliyekuwa akichemsha gundi ya ngozi. Harufu ile nzito, nusu mchuzi wa mifupa, nusu kiatu kilichonyeshewa, ilinisimamisha. Nikawa tena msichana mdogo ndani ya kanisa letu la mawe kule Dundori, wiki ile kinanda kilipofunguliwa.

Kinanda hicho kililetwa na walowezi. Walipouza mashamba na kuondoka kilibaki, nadhani kwa kuwa hakuna aliyejua kingepitaje mlangoni. Kilipumua kwa mvukuto wa ngozi na kuimba kwa filimbi za bati na za mbao, nyingine ndefu kuliko baba yangu. Panya walitafuna ngozi, kikawa kinakohoa kama mzee wakati wa baridi. Na sauti moja haikuwapo kabisa: filimbi yake ilipotea kabla sijazaliwa.

Hapo ndipo Shosho, mama yake baba, alipopata kazi. Wimbo ukifika kwenye pengo lile, kanisa zima lilinyamaza na kugeukia benchi yake. Aliijaza sauti hiyo peke yake, kisha sote tukaendelea. Mgeni angedhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Mimi nilikaa kando yake nikiringa kana kwamba nimeimba mimi.

Fundi alitoka Nairobi. Alivisha mvukuto ngozi mpya ya kondoo kwa gundi ile ile, akazipanga filimbi kwenye mabenchi kwa urefu, kama watoto kwenye paredi ya shule. Siku moja tulimpelekea chai, mimi, Shosho na akina mama wa kanisa.

"Moja haipo," akasema. "Ya mbao. Nimetafuta mpaka darini. Itabidi mwendelee hivyo hivyo."

"Hatuna shida," mama mmoja akamjibu. "Yetu ndiyo hii inakunywa chai."

Wakacheka. Shosho hakucheka. Aliinamia filimbi za mbao, kila moja na tundu lake kama mdomo, akaziangalia sana, akatoka. Tukasikia dirisha la jikoni la kanisa likijibamiza. Alirudi na kile kimti cha mraba kilicholishikilia dirisha miaka yote ili moshi utoke, akikipangusa kwa leso.

"Ai, mathe! Hii ilikuwa imelala wapi?" fundi akashangaa, akiipokea filimbi iliyopotea.

"Nani amekwambia ililala? Ilikuwa kazini."

Jumapili iliyofuata kinanda kiliimba bila kukohoa. Wimbo ulipofika pale, kanisa likanyamaza kwa mazoea, vichwa vikageuka. Filimbi ikalia, safi kabisa. Shosho alikuwa amefunga mdomo, ametulia. Mimi nilitamani kulia.

Njiani, katikati ya mashamba ya viazi, nilimuuliza kwa nini hakukiacha kile kimti dirishani.

"Dirisha nitalitafutia kingine," akasema, akakohoa, tukaendelea kutembea.

Nilikuwa mtu mzima nilipokikumbuka kikohozi kile. Kilianza mapema mwaka ule. Nikakumbuka pia jinsi alivyoubana mkono wangu kila pengo lilipokaribia, hata vidole vikauma, nami nikidhani ni furaha. Alikuwa akiiogopa Jumapili ambayo kanisa lote lingemgeukia, naye asiwe na sauti ya kujaza pengo lile.

Siku hizi wengine ndio hukaa kwenye benchi yake. Lakini wimbo ukifika pale, wazee bado hugeuza vichwa, na filimbi moja, nyeusi kwa moshi kuliko wenzake, huwajibu.