Kahawa ya Kumpima Mama

Maji ya kahawa hayamiminwi yakiwa bado yanatokota. Hilo nililijua baada ya kuunguza kahawa kwa muda mrefu na kumlaumu aliyeniuzia. Siku hizi birika la umeme likishajizima naliacha kwanza, mpaka ule mngurumo wa ndani unyamaze. Namimina maji kidogo juu ya unga ili uloe na kuvimba, halafu namimina yaliyobaki. Nakoroga kwa mwiko wa mbao, kwa kuwa kijiko cha chuma kinaweza kupasua kioo. Nafunika na kusubiri. Mwishowe nabonyeza kichujio polepole, kwa uzito wa mkono wenyewe. Ukiona kinakataa kushuka, usipigane nacho. Unga wako ni laini mno, na utakunywa tope.

Chombo chenyewe ni birika la kioo lenye kichujio kinachosukumwa kwenda chini. Mjini wanaliita French press. Niliachiwa na mwenzangu wa kazi alipohama Nairobi. Mama yangu, ninayeishi naye hapa Kayole, aliliita pampu tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeweza kumbadilisha. "Leo pampu yako imeamkaje?" huniuliza.

Mama ni mtu wa chai. Kwetu sisi tuliotoka upande wa mlimani, chai ni maziwa, maji na majani yaliyotokota kwenye sufuria moja mpaka yakapatana. Ukimpa maji ya moto na kifuko cha majani kinachoning'inia kwa uzi, atakuuliza amekukosea nini. Na chai ndiyo iliyonilea. Tangu nikiwa mdogo aliamka alfajiri, akaipika kwenye gesi, akaijaza kwenye thamosi kubwa na kushuka nayo mpaka steji ya matatu ya Spine Road, pamoja na beseni la mandazi. Makanga walimjua, watu wa mjengo walimjua. "Niaje mathe," walimwambia, "weka moja ya moto." Alimimina bila kuuliza nani anataka sukari kiasi gani.

Kilichompa jina ni pua yake. Maziwa yakikaribia kushika chini, alijua akiwa chumba cha pili, akapiga kelele nipunguze moto. Aliwahi kumrudisha muuza maziwa mlangoni kabla mfuniko haujafunguka vizuri, akamwambia ng'ombe wake amekula vitunguu. Mwenye maziwa alibisha, kisha akacheka, akasema ni kweli, ng'ombe aliingia shamba la jirani. Mama hakucheka. Kwake lile lilikuwa jambo la kawaida.

Kisha ikaja homa. Ilikuwa homa ya mafua tu, ya kuumwa viungo na kulala, na ikaisha kama homa nyingine. Ila pua haikurudi. Mwanzoni tulitania. Alikula ugali na sukuma akasema ni sawa na kutafuna gazeti. Halafu maziwa yakaungua, na siku nyingine tena yakaungua, naye akapeleka chai stejini hivyo hivyo bila kujua. Wateja wake wana heshima zao. Walikunywa na hawakusema neno. Lakini kesho yake baadhi yao walisimama kwa mama mwingine, ng'ambo ya barabara, na mama yangu akawaona. Alirudi nyumbani na thamosi nzito, akaimwaga chai yote kwenye sinki.

Hata hilo tungelivumilia. Kilichonishinda ni gesi. Nilikuwa nimetoka kazini Makadara, ambako nawapigia watu chapa hati zao karibu na mahakama, nikawa napanda ngazi za ploti yetu. Harufu ilinikuta kabla sijafika mlangoni. Ndani nilimkuta mama kwenye kochi anachambua ndengu, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, ametulia kabisa. Jiko lilikuwa limefunguliwa na halina moto. Alikuwa amejaribu kuliwasha, njiti ikazima, simu ikalia, akasahau. Kibiriti kilikuwa pale mapajani mwake, juu ya leso.

Nilifungua madirisha yote, nikamtoa nje kwenye ngazi, nikamkemea mbele ya majirani kama mtu anayekemea mtoto. Kisha nikaing'oa regyuleta, kile kichwa kinachobana juu ya mtungi na kuruhusu gesi ipite, nikaitia mkobani. Tangu siku ile nilikwenda nayo kazini na kurudi nayo jioni, nikapika mimi. Mchana alibaki na birika la umeme tu. Sijutii. Kinga ni bora kuliko tiba, na sina mama mwingine. Mama hakubishana. Alitazama mtungi usio na kichwa, akasema, "Sawa, mkubwa." Neno hilo lilinichoma.

Daktari alisema pua inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Akashauri mama anuse vitu vikali kila siku, polepole, huku akijikumbusha harufu yake. Akataja kahawa. Hapo ndipo pampu ilipopata kazi nyumbani kwetu.

Jirani yetu wa mkabala ni mama wa Kiislamu, mtu wa pwani, aliyeishi ploti hii kabla yetu. Yeye hunywa kahawa chungu kila alasiri. Aliposikia shida yetu alinitwangia buni kwenye kinu chake. "Ya dukani laini sana, mwanangu," aliniambia. "Hiyo ni ya kuchemsha kwenye mdila. Chombo chako kinataka chenga." Na kweli, siku niliyotumia chenga zake kichujio kilishuka bila ugomvi, na nyumba nzima ikajaa harufu ambayo mama peke yake hakuisikia.

Basi nikaweka sharti, mimi mwenyewe, bila kumuuliza mtu. Nilimwambia, "Siku utakayoisikia kahawa, mama, nakurudishia gesi yako na unarudi stejini." Kila asubuhi nilimwekea kikombe chini ya pua.

"Unasikia nini?"

"Moto."

"Na nini kingine?"

"Moto tu, na mvuke. Hebu nipe ninywe, mdomo bado unafanya kazi."

Siku zilipita hivyo. Mama alianza kunyauka. Hakuugua, hakulia, ila aliacha kufunga kitambaa kichwani, yeye ambaye hakuwahi kufungua mlango kichwa wazi. Alikaa dirishani akisikiliza makelele ya stejini. Jioni aliniuliza kama nimepita pale, na nani alikuwa anauza. Nilimjibu sikuangalia, ingawa nilikuwa nimeangalia. Niliogopa. Nilikuwa nimemwokoa na gesi, na nikawa namwona akizimika vilevile, mbele ya macho yangu.

Halafu asubuhi moja nilimwekea kikombe, na kabla sijauliza akasema, "Inanukia."

"Inanukia nini?"

"Kahawa, wewe. Inanukia vizuri. Ya jana ndiyo haikuwa nzuri, uliiunguza."

Na jana yake nilikuwa nimeiunguza kweli, kwa haraka zangu. Nilimkumbatia na kikombe chake mkononi, kahawa ikamwagikia gauni langu la kazi, sikujali. Nililia. Jirani alivuka na vitambaa vyake vya kupangusia vyombo mkononi, akasema alhamdulillahi mara nyingi. Niliitoa regyuleta mkobani nikaifunga kwenye mtungi kwa mikono yangu. Mama aliosha thamosi zote, akaziacha wazi juani kwenye kibaraza, akaagiza unga wa mandazi. Tulikubaliana angeanza Jumatatu.

Jumapili aliamka kabla yangu. Stima ilikuwa imepotea tangu usiku, na mawingu yalikuwa mazito, nyumba ikawa na giza. Nilimsikia akiwasha jiko, nikatulia kitandani. Alikuwa ameamua kunipikia kahawa, eti kunishukuru.

Lazima nieleze mikebe yetu. Kwetu, kama kwenye nyumba nyingi, mkebe wa mafuta ya kupikia hauna mafuta ndani yake. Mmoja una sukari, mwingine chumvi, mwingine vifungo na sindano. Kahawa ilikaa kwenye mkebe unaofanana kabisa na wa majani ya chai, na chenga nyeusi za kahawa na za majani, gizani, si rahisi kuzitofautisha. Hakuna aliyewahi kuandika kitu juu ya mikebe hiyo. Ukifunua, pua inakwambia.

Aliniletea kikombe kitandani, kwenye sinia, amefunga kitambaa kichwani. Alikuwa amefuata kila hatua aliyoniona nikifuata. "Nusa," akaniambia. "Leo imenukia mpaka nimeionea huruma kahawa ya jirani. Nimeonja jikoni, imekolea."

Nikainua kikombe. Ilikuwa chai. Chai ya rangi, kali, yenye majani mengi mno, ile harufu ambayo ilikuwa kwenye nguo zake tangu nilipojifunza kuita mama.

Ningeweza kunywa nikanyamaza. Nilifikiria hilo. Lakini nilikumbuka kibiriti mapajani.

"Mama," nikasema, "hii ni chai."

Alicheka. "Chai gani?" Alikichukua kikombe akanusa, akanusa tena kwa nguvu, mpaka nikasikia pumzi inakwaruza. Akaenda nacho dirishani, akakiinamisha, akaona ule wekundu pembeni. Alisimama pale akinipa mgongo. "Mimi," akasema. "Chai imenipita mimi."

Mama alizoea kuwaambia watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na chai. Nilimuuliza ile asubuhi ya kwanza aliijuaje kahawa nzuri, na aliijuaje mbaya ya siku iliyotangulia.

"Kwa uso wako," alijibu. "Ikiwa nzuri unafumba macho. Ikiungua unakunja pua hivi. Mimi nimekulea, uso wako naujua. Leo kulikuwa na giza, na wewe ulikuwa umelala."

"Kwa nini, mama? Ungetulipua."

"Nilikuwa mwangalifu. Nilikuwa naangalia kile kidude cha kufungulia gesi kila wakati." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilichoka kuomba moto kwa mtoto niliyemzaa. Mtu akinyang'anywa jiko anabaki na nini? Unaniacha hapa na pampu, unaenda. Nikae nikinusa mvuke mpaka nife?"

Alikwenda jikoni. Nilisikia chuma kikigongana na chuma, akarudi na regyuleta, akaiweka juu ya blanketi, karibu na sinia. "Beba," akasema. "Kesho uende nayo kazini."

Siku ile hatukuenda kanisani. Nililala nikiwa nimegeukia ukuta na nilikuwa na hasira, na sikujua hasira ni ya nani. Nilimkasirikia kwa uongo wake. Nilimhurumia pia. Thamosi zilikuwa bado pale kibarazani, midomo wazi, na jioni ilipofika hakuna kati yetu aliyezigusa.

Jumatatu nilimtangulia kuamka. Nilifunga regyuleta, nikamwaga maziwa kwenye sufuria, nikamwita. Alisimama mlangoni mwa jikoni na leso yake ya kulalia.

"Pika," nikamwambia. "Mimi nitanusa."

"Na kazi yako?"

"Kazi inaanza baadaye."

"Kwa hivyo sasa utanifundisha chai."

"Sikufundishi kitu. Wewe pika."

Kisha akarudi chumbani, na alipotoka alikuwa amefunga kitambaa.

Pua yake haijarudi, na daktari ameacha kuizungumzia. Kahawa tunakunywa Jumapili peke yake, na mama huinywa kwa ajili ya moto wake tu. Mikebe nimeiandika kwa kalamu nene, jambo ambalo analiona ni la aibu, na mgeni akija huigeuza maandishi yatazame ukutani. Gesi hafungui mpaka niwe nimesimama pale. Akimaliza kupika anaing'oa regyuleta mwenyewe na kuitia mkobani mwangu, na haniiti mkubwa tena. Wateja wengine walirudi kutoka ng'ambo ya barabara, wengine hawakurudi.

Kila alfajiri ni hivyo hivyo. Yeye anakoroga, mimi nimesimama kando ya jiko nikiwa na usingizi, taa imewashwa. Nimejifunza kutouficha uso wangu, hata siku nikiwa na mawazo yangu. Maziwa yanapanda. Mama haulizi neno. Ananitazama usoni, kisha anapunguza moto.