Robo Saa Kabla ya Robo Saa

Viatu vya Rodell havikuwa mlangoni. Verlene Stokes alishuka ngazi kuvitazama, akapanda, akashuka tena, kana kwamba viatu huota kama uyoga mtu akigeuza kisogo. Mkeka ulikuwa mtupu. Nje, theluji ya ziwani ilikuwa ikiufunika mtaa wao wa mashariki mwa Buffalo, taratibu, bila haraka, kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote.

Jioni mwanawe alikuwa amesema maneno machache tu: anakwenda kwa dobi kuchukua suti, anarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi ikafika wakati wa chakula, chakula kikapoa, na mama akakifunika sahani. Simu Rodell aliisahau jikoni, ikichaji kando ya kibaniko cha mkate, kwa hiyo kila Verlene alipompigia, ilimlilia yeye mwenyewe ubavuni. Alimpigia pia Sajenti Zawadzki, mshauri wa kijana, ambaye namba yake ilibandikwa kwenye friji. Iliita mpaka ikachoka.

Asubuhi ile iliyokuwa ikija, Rodell alikuwa ahitimu. Si chuo, ni mahakama. Mji wao una mahakama ya askari wa zamani, wale waliorudi kutoka vitani na kitu kichwani kisicholala, mwisho wakaangukia mikononi mwa polisi. Badala ya kufungwa, mtu hupelekwa kwenye matibabu, hupimwa mkojo, huitwa mbele ya jaji kila baada ya muda kueleza anaendeleaje, na hupewa mshauri, askari mzee anayeujua mwiba kwa sababu ulishamchoma. Rodell alirudi kutoka Afghanistan akaoa chupa. Usiku mmoja akaliingiza gari ndani ya duka la nguo za harusi. Hakuumia mtu, ila masanamu matatu yaliyovaa shela yalilala barabarani chali. Odessa, dada yake Verlene, alisema hiyo ndiyo njia pekee ambayo kijana angefika karibu na bibi harusi.

Jaji Petrakis alimwambia waziwazi, mama yake akisikia. Akifika siku ya mwisho akiwa safi, kesi inafutwa. Asipofika, au akifika na pombe mwilini, kesi inarudi pale ilipoanzia, na pale ilipoanzia palikuwa na jela.

Kusoma Verlene hakusoma sana. Baba yake, aliyetoka Alabama kufuata kazi ya kiwanda cha chuma, aliugua mapafu, na binti akaacha shule kumuuguza. Lakini kutazama alitazama. Alipika kwenye jiko la shule ya msingi, na mtoto akisimama mbele ya dirisha lake na sinia, alijua kama jana yake alilala na njaa, akamwongezea viazi. Mwanawe alimsoma kwa viatu. Akirudi mzima, Rodell aliviweka sambamba, pua zikitazama mlango, kama vinasubiri amri. Akirudi amelewa, kimoja kilikuwa ngazini na cha pili ni Mungu tu aliyejua. Tangu aingie mahakama ile viatu vilikuwa sambamba, na Verlene kila asubuhi alivipita kwa miguu ya kunyata, asije akaviharibia mpango.

Sasa vyote viwili havikuwepo, na hilo hakuwa na namna ya kulisoma.

Kulipoanza kupambazuka, Odessa aliegesha gari mbele ya nyumba, akaingia na buti zenye theluji na mdomo wake ule ule. Alimkuta mdogo wake amevaa koti, kofia na glavu, amekaa kwenye ngazi, pai ya viazi vitamu ya sherehe magotini.

"Umepatwa na nini? Umelala hapo?"

Verlene akamweleza. Akasema anataka kwenda mahakamani mapema kabla majina hayajaitwa, amwombe jaji amvumilie mtoto hata wiki moja. Akikuta mlango umefungwa atasimama papo hapo.

"Unamwombea msamaha mtu ambaye hujui amekosa nini," Odessa akasema. "Verlene, wewe ungekuwa jeshini ungekipiga risasi kivuli chako, halafu ungekililia."

"Kivuli hakijawahi kuvunja duka la harusi."

Odessa akatoka kuwasha gari. Njia nzima Verlene alitazama kila kituo cha basi na kila mlango wa baa. Baa zilikuwa zimefungwa, na hilo halikumtuliza. Aliona mtu amejikunja chini ya kituo akamshika dada yake mkono, gari nusura lipande kando ya barabara. Lilikuwa pipa la taka lenye kofia ya theluji.

Walipokunja kona ya mahakama, Odessa alipunguza mwendo. Mbele ya mlango wa kioo, gizagiza bado halijaondoka, palikuwa na msururu wa watu kama ishirini wakipigapiga miguu chini kwa baridi. Wengine wazee, wengine vijana, mmoja kwenye kiti cha magurudumu na blanketi la rangi ya timu ya mpira ya mjini. Kahawa ilikuwa ikipita mkono kwa mkono pamoja na boksi la donati. Na katikati ya msururu, amenyooka ndani ya suti ya dobi, karatasi ya nailoni bado imening'inia begani, alikuwa Rodell.

Verlene alishuka gari halijasimama vizuri. Pai akamwachia Odessa. Hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja, akamshika mwanawe kola, akamwinamisha, akamnusa shingo, kisha mdomo, kisha kifua cha suti. Msururu wote ukawageukia.

"Mama," Rodell akasema kwa sauti ndogo, "unaninusa mbele ya kikosi."

"Nakunusa. Tulia."

Alinukia kahawa, sabuni na dawa ya viatu. Alinusa tena kuhakikisha. Dawa ya viatu, nyingi, kama mtu aliyeioga. Verlene akabaki amemning'inia kola.

Mzee mfupi mpana kama kabati, mwenye sharubu nyeupe, akasogea, akainamisha shingo yake. "Na mimi, Bi Verlene? Jana nilikula vitunguu."

Huyo ndiye Sajenti Zawadzki, na ndipo mambo yalipotoka hadharani. Rodell, suti mkononi, alipita kwa mzee kupigwa viatu rangi, maana mzee hakumwamini mtu yeyote duniani na brashi. Walipomaliza theluji ilikuwa imefika magotini, mzee akaamuru kijana alale kwake. Rodell akakumbuka kumpigia mama baada ya mzee kulala. Namba ya mama ilikuwa ndani ya simu, simu ilikuwa jikoni kwa mama, na kichwani hakuwa na namba hata moja. Mzee alikuwa nayo, lakini simu yake, iliyofungwa kwa namba ya siri, aliiacha sebuleni, na yeye, aliyefyatua mizinga ujana wake wote, akienda kulala huvua vifaa vya masikio na kuviweka kwenye bilauri, haambiliki tena mpaka asubuhi. Simu ilipolia, Rodell alikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, amelala kando ya tanuri la kupashia nyumba joto, linalonguruma kama lori. Alfajiri wakatoka mbio, na simu ikabaki sebuleni.

"Na mbona mko hapa alfajiri?" Verlene akauliza. "Jaji si alisema saa tatu?"

Hapo wanaume wakaanza kutazama viatu vyao. Mwenye kiti cha magurudumu ndiye aliyefafanua. Jaji alisema saa tatu. Karani akawaambia wakuu wa washauri wawahi robo saa. Wakuu wakawaambia washauri robo saa kabla ya hiyo. Kila mshauri, akiwa ni mtu wa jeshi na hataki kuaibika, akamwambia kijana wake robo saa kabla ya robo saa hiyo. Na vijana, waliofundishwa kwamba anayefika kwa wakati amechelewa, nao wakajiongezea yao. Hakuna aliyeuliza saa yenyewe ni ngapi.

"Wewe uliongeza ngapi?" Odessa akamuuliza Zawadzki. "Sema kweli, mkuu."

"Usiniite mkuu. Wakuu walikuwa wanakaa kwenye hema, mimi nilikuwa nafanya kazi." Akajifuta sharubu. "Niliongeza mbili. Theluji."

Verlene akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia machoni, mpaka Rodell akalazimika kumshika kiwiko, na kicheko kile kikaushika msururu wote. Donati ikamfikia, akala, njaa ya usiku kucha ikamrudia kwa mpigo. Odessa akaanza kukata pai kwa kadi ya benki.

Nyuma ya kioo, mlinzi alikuwa amekaa na gazeti lake, mkavu, ananywa kitu cha moto. Yeye alitumikia jeshi la majini, nao, askari wa nchi kavu, walilijua hilo.

"Baharia!" Zawadzki akagonga kioo. "Kuna akina mama huku."

Mlinzi alionyesha saa yake ya mkononi kwa kidole, akageuza ukurasa.

"Acha," Verlene akasema. "Sisi tunasubiri tu."

Akasimama kwenye msururu, nyuma ya mwanawe. Alibandua ile nailoni begani mwake, akaikunja, akaitia mfukoni. Halafu akatazama chini. Viatu vyeusi vilikuwa vinang'aa hata kwenye gizagiza lile, vimesimama sambamba, pua zikitazama mlango.

Kukawa kweupe. Mlinzi akakunja gazeti, akaja na funguo, akafungua, akawatazama wote kuanzia kofia hadi soli.

"Mmewahi sana," akasema.

"Tumechelewa," akajibu Zawadzki. "Mpishe Bi Verlene apite."