Begi la Kunitosha Mimi

Juzi pale Tunduma muuza mabegi alininyooshea begi kubwa kama gunia. "Dada, chukua hili, linameza kila kitu," akanibembeleza. Nikamwambia naenda kazini kwa baiskeli, kila asubuhi nabanana na foleni ya malori, nataka begi lisilonizidi mabega. Akacheka. Acha acheke. Somo la begi, rafiki yangu, nililipata kijijini kwetu Itaka, nikiwa kidato cha kwanza.

Kwetu mtoto hanunuliwi kitu cha kumtosha, ananunuliwa cha kukulia. Viatu vinajazwa karatasi, sketi inakunjwa kiunoni. Bibi akaniletea begi lililoning'inia hadi chini ya makalio. "Utakua tu," alisema, akalipiga kofi la kuridhika.

Shuleni nilikwenda kwa baiskeli ya baba, na keria yake ilikuwa imekatika siku nyingi, hivyo kila kitu kilikaa mgongoni. Na begi likiwa na nafasi, majirani wote wanaiona. Sijamaliza uji wangu wa ulezi, jirani yuko mlangoni na maparachichi ya kumpelekea dada yake anayeishi karibu na shule. Nyuma yake mwingine na maharage. "Si unapita huko huko, mwanangu?" Nilipita, ndiyo. Kwenye kilima begi lilinivuta nyuma mpaka usukani ukayumba, na nikigeuza shingo kuangalia gari, naona kitambaa tu. Kila siku nikawa nachelewa, mwalimu wa zamu ananingoja getini.

Baba hakupiga kelele. Alisema nikichelewa tena baiskeli itabaki nyumbani, itiwe keria mpya ibebe kahawa, nami nitatembea. Nilijua maana yake. Wasichana waliotembea mwendo ule waliacha shule mmoja mmoja, na hakuna aliyewauliza kulikoni.

Nikalipeleka begi kwa fundi cherehani. Nikalivaa, nikainama kama nimeshika usukani, nikamwonyesha pa kukata: juu lisipite shingo, chini liishie kiunoni, liingie madaftari, sweta na chakula changu, basi. Akaniuliza kama bibi anajua. Nikamwambia, "Wewe kata."

Bibi alikasirika, sikufichi. "Umewafungia watu mlango! Watasema mjukuu wangu mchoyo." Na kweli walisema, mpaka kanisani. Mimi nikakanyaga pedeli. Getini nilifika mapema, kilima nikakipanda bila kushuka, na shule nikaimaliza.

Siku hizi Itaka vifurushi vinakwenda kwa bodaboda, na hakuna anayemsimamisha mtoto wa mwenzake asubuhi ambebee maharage. Bibi hayupo. Jirani wa maparachichi hayupo. Nazikumbuka sauti zao zikiniita kutoka uani, na ule moshi wa kuni mbichi, na inaniuma. Lakini majuto sina. Ningerudishiwa hata asubuhi moja tu, bibi akiwa hai pale mlangoni, ningepiga magoti nimwamkie vizuri, kisha ningelibeba begi lake nikalikate tena.