Risasi Fupi kwa Mtutu wa Zamani

Ungemwamini muuzaji anayekunyima bidhaa ghali? Mimi namwamini huyu wa duka letu la bunduki, hapa Montana. Kila mtutu wa zamani huusukumia ufito wenye kitambaa, akihesabu kwa midomo ufito unavyozunguka ukifuata mifereji ya ndani. Jana Verna alileta karatasi ya shabaha na bunduki ya marehemu baba yake. Mwaka jana ilijeruhi kulungu, akapotelea msituni. Verna hataki mwingine ateseke.

“Nipe risasi ndefu, zile ghali nilizopigia shabaha hii, mzee.”

“Ona tundu hili refu kwenye karatasi, binti. Risasi iliingia kiubavu. Mtutu huu unazizungusha polepole, ndefu zinayumba. Chukua fupi.”

“Fupi kama wewe?”

“Na mimi siyumbi!”

Leo asubuhi nilimkuta muuzaji kwenye uwanja wa shabaha, akichungulia mwanga kupitia matundu matatu ya mviringo kwenye karatasi mpya ya Verna.

“Haya, binti,” akasema, “sasa nenda porini.”